Waya wa Bonde la Sizemore

Delphia Ratliff aliinua mkono wa simu kabla kahawa haijachemka, akabonyeza namba ya baba yake, akaiacha iite mara mbili, akakata. Ndivyo alivyoianza kila siku ya kazi tangu alipoolewa na kuhamia upande wa chini wa daraja la pili. Akageuza vipande vya nyama kwenye kikaango, akatega sikio. Sasa ilikuwa zamu ya baba yake kupiga, simu iite mara moja, akate. Hapo Delphia angejua kuwa mzee ameamka, na kwamba mapafu yake yameuvuka usiku mwingine. Neno halikusemwa. Halikuhitajika.

Desturi hiyo aliianzisha mama yake mwaka wa mgomo mkubwa wa wachimba makaa, wakati kila dakika ya simu ililipiwa, na nyumba zote za Bonde la Sizemore zilining'inia kwenye waya mmoja. Simu isiyopokelewa haikulipiwa. Basi wanawake wa bonde wakaigeuza kengele kuwa lugha. Mlio ukija mara mbili, nimefika salama. Mara moja, nimesikia. Ukija mfululizo bila kukoma, askari wa kampuni ya makaa wanapanda, waondoeni wanaume. Kampuni ya simu ilipogundua ililalamika kuwa inaibiwa. Inaibiwa yenyewe, ambayo nguzo zake zilikatwa kwenye misitu ya watu wale wale, na mashimo yake yakachimbwa na wanaume wa bonde bila malipo, kwa ahadi kwamba waya ukishafika hautaondoka.

Asubuhi hii simu haikujibu.

Siku iliyotangulia kijana wa kampuni ya simu alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiizima laini ya zamani. Waya wa shaba umezeeka, walisema, kuutunza ni hasara. Sasa kila paa lilikuwa na dishi linalotazama angani, na simu ilipitia kwenye intaneti hiyo hiyo ya setilaiti. Delphia hakuwa na ugomvi na dishi. Kwa dishi alimwona mjukuu wake wa Ohio akipiga hatua ya kwanza, akaanguka, akacheka. Ugomvi wake ulikuwa kwamba walimpa kimoja kwa kumnyang'anya kingine, halafu wakataka ashukuru.

Akapiga tena. Ikaita mara mbili, akakata. Kimya. Akazima jiko, akachukua ufunguo wa gari bila kuvaa koti, na gari likapanda ile njia ya mawe kwa kasi ambayo mumewe marehemu angeikemea.

Mzee Hobert, baba yake, alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mrija wa oksijeni chini ya pua, mashine ikinguruma pembeni. Alikuwa amevaa buti mguu mmoja, ameshika la pili.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Na mimi nilidhani wewe."

"Mimi nina sababu. Wewe ungekufa kwa nini, kwa kula nyama za kukaanga?"

Delphia akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mzee akamweleza kwa vipande, kwa vile pumzi yake ilikuwa ya kupimwa. Alisubiri mlio, haukuja. Akapiga yeye, akasikia imeita mara moja, akakata kama desturi inavyotaka. Akasubiri tena. Mwishowe akaamua kushuka kwa miguu kumtafuta bintiye, na buti la kwanza peke yake likamlia nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo wote wawili walipiga, wote wawili walisikia mlio kwenye masikio yao wenyewe, na hakuna simu iliyolia kwa mwenzake.

Delphia akaipigia kampuni kutoka pale pale. Kuzungumza kwa simu ile mpya kulikuwa kama kupishana mlangoni na mtu anayekupisha kila unapompisha. Alisema, akasubiri, akadhani hajasikika, akarudia, na jibu la swali la kwanza likamwangukia katikati ya swali la pili. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu ya kulipwa. Akaeleza kuwa mlio anaousikia mpigaji si mlio wa nyumba anayoipigia.

"Ni wa kwetu, mama. Tunauweka ili usidhani laini imekatika. Kwa mzee simu inaweza kuwa bado haijaanza kuita."

"Kwa hiyo mnanidanganya ili nisiwe na wasiwasi."

Sauti ikapanda mbinguni, ikashuka. Mwanamke akashauri aiache iite mpaka mzee apokee. Delphia akamwambia kuwa mzee ana mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, na kuna asubuhi ambazo kusema "haloo" ni kama kubeba gunia. Kengele ndiyo iliyokuwa ikisema badala yake. Mwanamke akasema anaelewa, kisha akaomba kuhakikisha jambo moja kwa usalama wao, yaani mahali gari la wagonjwa litakapotumwa ikiwa namba hii itapiga dharura. Akasoma anwani aliyonayo.

Ilikuwa anwani ya posta ya mjini.

Nyumba ya Hobert haikuwa na namba. Barua zake zilikwenda kwenye sanduku la posta, na mashine ya kampuni ililichukua sanduku lile kuwa ndiyo nyumba. Mzee akipatwa na shida, gari lingepiga king'ora hadi mbele ya posta na kusimama.

"Na tafadhali kumbukeni," mwanamke akaongeza, "umeme ukikatika simu haitafanya kazi. Ipo kwenye mkataba."

Hobert alikuwa akisikia. "Mwambie mashine yangu ya pumzi nayo inatumia umeme huo huo. Tutazimika pamoja, mimi na simu yake."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Delphia akamshika mabega mpaka kipite. Kisha akamvua lile buti. Akautazama mtungi mdogo wa akiba uliosimama nyuma ya mlango, ule wa kutumia umeme unapokatika. Humfikisha mzee jioni. Haumfikishi asubuhi. Na milimani huku hakuna majira ya kuchipua ambayo upepo haukuangusha mti juu ya nyaya za umeme.

Akaenda mjini kutafuta namba ya nyumba.

Njiani, kwenye mdomo wa bonde mbele ya kanisa, mahali pekee ambapo simu ya mkononi hushika, alimpigia msimamizi wa jiko la nyumba ya wazee anakofanya kazi. Msimamizi akamwambia asisumbuke kuja leo, na akaitamka hiyo "leo" kwa namna ambayo ingeweza kubeba wiki nzima ndani yake.

Kwenye ofisi ya kaunti, karani wa ramani na anwani aliitwa Wendell Prater, mtu wa mashavu mekundu aliyekuwa na kikombe chenye picha ya samaki. Alimsikiliza Delphia hadi mwisho, akafungua ramani kwenye kompyuta, akaisogeza kwa kidole juu, chini, juu tena.

"Barabara ya kaunti inaishia daraja la pili," akasema. "Zaidi ya hapo ni njia ya malori ya kampuni ya makaa. Hatutoi namba kwenye njia ya mtu binafsi bila ruhusa ya mwenyewe."

"Kampuni ilikufa. Uliiona ikifa. Ulikuwepo."

"Ardhi iliuzwa. Wenye nayo wako mji mwingine."

"Mji gani?"

Prater hakujua, au hakutaka kujua. Alisema Delphia aandike maombi, yatumwe, wenye ardhi wajibu, baraza likae. Delphia akamuuliza kama wakati wa uchaguzi njia ile huwa kwenye ramani, maana wagombea wote walifika mlangoni kwa Hobert na kuomba maji ya kunywa. Prater akanywa kahawa.

"Na barua ya kodi humfikia," akasema Delphia.

"Hiyo inakwenda kwenye sanduku la posta."

"Basi ikitokea dharura, mje mliokoe sanduku."

Alisema bila kupaza sauti, na watu wawili waliokuwa kwenye foleni ya leseni za uwindaji wakageuka kutazama. Prater, ambaye hakuwa mtu mbaya kuliko kiti alichokalia, akainama akanong'ona kuwa nyumba ya Delphia mwenyewe iko chini ya daraja na ina namba. Kwa nini asiiandikishe hiyo kwa simu ya mzee? Gari litafika kwake, naye ataliongoza juu.

Delphia akatoka hadi kwenye ngazi, akaipigia kampuni kwa simu ya mkononi, akabadilisha anwani. Ilifanyika haraka, na hilo lilimkasirisha kuliko ukaidi. Kisha akakaa ndani ya gari akayapanga mambo. Gari la wagonjwa sasa linajua kwake. Umeme ukikatika na dishi likafa, yeye anaweza kushuka hadi kanisani na kuita msaada kwa simu ya mkononi. Kilichobaki ni kipande kile cha juu, kutoka kiti cha baba yake hadi jikoni kwake. Nani atamwambia kuwa mzee ameshindwa?

Waya wa kumwambia ulikuwepo. Ulining'inia juu ya barabara yote wakati anarudi, umekufa, unang'aa kwa matone ya mvua iliyokuwa imeanza kuvuka mlima.

Hakwenda nyumbani. Alisimamisha gari kwa Orbin Mullins, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa fundi umeme wa mgodini miaka yake yote ya ujana. Orbin alikuwa bandani akimnolea mtu msumeno. Delphia akamweleza. Orbin akaweka tupa chini, akaondoa turubai kwenye kona, na chini yake yakatokea makasha mawili ya njano, kila moja na mkono wa simu na kipaza sauti kifuani. Simu za mgodini. Zinatumia betri ya tochi kubwa na jozi moja ya waya. Ukibonyeza kitufe, kila aliye kwenye waya anasikia.

"Mshahara wangu wa mwisho huu hapa," akasema Orbin, akipiga kasha moja kama anayempiga ng'ombe mgongoni.

Bonde lote lilijua maana yake. Siku mgodi ulipofungwa, kampuni iliwaacha wanaume washuke chini zamu nzima, kisha wakapanda na kukuta ofisi imefungwa na mishahara ya mwezi haipo. Hakuna aliyepiga kelele. Walirudi chini kwa utulivu, na kila mwanaume akatoka amebeba kitu. Mwenye ardhi mpya aliwahi kutuma mtu kuuliza vitu hivyo viko wapi. Bonde zima lilipoteza kumbukumbu kwa siku hiyo moja.

"Utanifungia moja kwa baba na moja kwangu," akasema Delphia.

"Waya ni wa kampuni."

"Nguzo ni za babu yangu."

Orbin akachukua mkanda wake wa kupandia.

Umeme ulikatika kabla Orbin hajafika nusu ya nguzo ya darajani. Taa ya kibarazani kwa Delphia ilififia, ikafa. Delphia alipofika kwa baba yake na kasha moja kifuani, mashine ya oksijeni ilikuwa kimya na mzee ameshajihamishia kwenye mtungi mdogo, amekaa wima, macho yamefumbwa, anahesabu pumzi zake. Delphia aliunga nyaya ukutani kama Orbin alivyomwelekeza, akabana betri, akaliweka kasha kwenye paja la mzee.

Hobert akafumbua macho. Vidole vyake vikapita juu ya chuma kile kilichochubuka, vikatafuta kitufe bila kuelekezwa.

"Hii ilikuwa ya njia kuu ya mgodini," akasema. "Ina kovu la jiwe. Orbin yule, mwizi mkubwa."

"Usiongee. Bonyeza tu. Mara mbili uko salama. Mfululizo, nakuja."

"Mimi ndiye niliyekufundisha hayo."

"Basi usisahau."

Akateremka. Alipokata kona ya daraja aliona lori jeupe la kampuni ya simu limeegeshwa chini ya nguzo, nyuma yake pipa kubwa la kukunjia waya. Orbin alikuwa ameshashuka, amesimama kwenye mvua na mikono mfukoni kama mtu anayesubiri kanisa lifunguliwe. Aliyeketi kwenye lori alikuwa Teddy Vance, ambaye babu yake alilala jela moja na Hobert wakati wa mgomo.

Teddy akashuka, akavua kofia. "Shangazi Delphia. Nimetumwa kushusha shaba. Ya bonde lote, kuanzia darajani."

"Na mvua hii?"

"Imeshauzwa. Lori la mnunuzi linakuja kesho."

Delphia akaitazama shaba ile juu, iliyouzwa ikiwa bado nguzoni kama nguruwe anayeuzwa akiwa zizini. Sasa akaelewa hasara ilikuwa nini. Hawakushindwa kuutunza waya. Walijua bei yake. Walimpa baba yake mlio wa uongo sikioni, wakamwandikia posta kuwa ndiyo nyumba yake, ili wauze kilo za kile kilichomlinda.

Aliingia ndani ya gari lake, akalirudisha nyuma taratibu mpaka bampa ikagusa nguzo, akazima, akaweka ufunguo mfukoni mwa aproni.

"Shangazi, usinifanyie hivi."

"Sikufanyii wewe. Wewe una watoto na lori si lako. Kanuni yenu inasemaje ukikuta kizuizi?"

Teddy alifikiri. Alikuwa kijana mkweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake. "Nipige simu ofisini, nisubiri maagizo."

"Basi piga."

Akatoa simu ya mkononi, akaitazama, akaiinua juu ya kichwa, akaitazama tena. Orbin akakohoa kwenye kiganja. Ukishapita kanisani, bondeni humo hakuna simu ya mkononi iliyowahi kushika, na kijana alilijua hilo tangu utotoni.

"Naomba nitumie ya ndani kwako," akasema hatimaye.

"Karibu. Futa miguu."

Walisimama jikoni watu watatu, maji yakiwachuruzika. Sufuria ya maharage ya jana ilikuwa juu ya jiko, mkate wa mahindi umefunikwa kitambaa. Teddy akainua mkono wa simu mpya ya kampuni yake. Akasikiliza. Kwenye rafu, kisanduku cha intaneti kilikuwa giza tupu, na juu ya paa dishi lilikuwa likinyeshewa. Aliishikilia ile simu sikioni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama anayengojea mtu amsaidie kutoka humo.

"Imekufa," akasema.

"Tuliambiwa itakufa. Ipo kwenye mkataba."

Ndipo kasha la njano, ambalo Orbin alikuwa amelipachika kando ya kabati Delphia akiwa juu, likatoa sauti. Mkwaruzo mfupi, kisha mwingine. Mara mbili. Delphia akanyoosha mkono, akabonyeza mara moja. Hakumtazama Teddy, lakini Teddy alimtazama yeye, na shingo yake ikawa nyekundu taratibu kuanzia kwenye kola.

"Ni Mzee Hobert?"

"Ni yeye."

"Hiyo inatumia umeme gani?"

"Betri ya tochi," akasema Orbin. "Na waya uliokuja kuuchukua."

Teddy akarudisha mkono wa simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Delphia akampa bakuli la maharage, na kijana akala amesimama. Alipomaliza alisema atashuka mjini. Kule atawaambia mvua ilimzuia, maji yalijaa darajani. Hivyo hakuna atakayeulizwa, na yeye hatapoteza kazi.

Ilikuwa njia rahisi, tena ya huruma. Orbin tayari alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Hapana," akasema Delphia. "Mvua wataingoja ikatike. Waambie ukweli wote. Waambie kuna gari limeegemea nguzo, na mwenyewe amegoma kuliondoa. Jina langu unalijua, litamke vizuri. Na uwaambie ulitaka kuwapigia ukashindwa, kwa simu yao wenyewe. Hilo usilisahau."

"Kesho watakuja na askari wa kaunti."

"Waje. Watahitaji kuniuliza njia. Baba yangu hayupo kwenye ramani yao."

Teddy akacheka kabla hajajizuia. Akavaa kofia, akamwambia amsalimie mzee, akatoka. Lori jeupe likageuka kwa shida kwenye matope na kuteremka na pipa lake tupu likigongagonga.

Orbin akajimiminia kahawa. Delphia alisimama dirishani. Mtungi wa baba yake ungefika jioni, na kabla ya jioni angepanda kumchukua alale kwake, ambako ingeletwa jenereta ya kuazima kwa mchungaji. Angemsikia akilalamika njia nzima. Hilo halikumsumbua. Kesho pia haikumsumbua kama alivyodhani ingemsumbua.

Kasha likakwaruza tena. Mara mbili.

"Ana haraka gani, mzee huyu," akasema, akanyoosha mkono.

"Huyo si Hobert," akasema Orbin.

Likakwaruza mara mbili nyingine, hafifu zaidi, kutoka mbali zaidi bondeni. Kisha nyingine, karibu na kanisa pengine. Delphia akamgeukia jirani yake. Orbin alikuwa akikitazama kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Nilikuambia unifungie nyumba mbili," akasema Delphia.

"Nilikuwa nimeshapanda," akasema Orbin. "Nikaziunga zote. Nikapita dukani nikawatajia wenye makasha kama haya."

Miaka kumi na kitu ilikuwa imepita tangu wanaume wale wapande kutoka mgodini kwa utulivu, kila mmoja amebeba kitu, na kampuni ikaambiwa hakuna anayekumbuka. Sasa walikuwa wakikumbuka, nyumba baada ya nyumba, kwenye waya uliouzwa, katika bonde lisilo na umeme. Mara mbili. Mara mbili. Delphia akavuta kiti karibu na kabati, akaketi, akaanza kuwajibu mmoja mmoja.